KABLA MPIRA HAUJAWA MPIRA: Mabungo, Kamba za Porini na Watu wa Kilombero Ambao Hakuna Aliyeandika Majina Yao

Simba na Yanga zikikutana nchi nzima inasimama. Bodaboda anaegesha, mama ntilie anasogeza meza karibu na TV, na neno linalosikika kila kona ni moja tu: mpira. "Leo kuna mpira." Sasa swali dogo kwa wadau wa soka: mnajua mpira, kabla ya kuwa mchezo, ulikuwa mmea?

Sio utani. Mti ni miti, mgomba ni migomba, mpira ni mipira. (Hiyo ngeli peke yake sio ushahidi, maana hata mkate na mkono zimo humo humo.) Ila fungua kamusi za zamani za Kiswahili utaikuta mpira imeandikwa kama mmea. Ni kamba ya porini inayopanda juu ya miti mingine, na ukiikwangua ganda inatoa maziwa meupe yanayonata. Maziwa yakiganda yanavutwa kama uzi, uzi unaviringishwa, unakuwa donge. Donge hilo ukiliangusha chini linadunda. Picha linaanzia hapo.

Na sehemu kubwa ya picha hilo imechezwa Bonde la Kilombero.

Ukitoka Ifakara kwa njia ya Mlimba, milima ya Udzungwa ikiwa kulia na bonde likiwa limelala kushoto, unafika Idete. Ni Idete ya Morogoro hii, sio ile ya Mufindi. Wengi wakiisikia wanakumbuka gereza lenye mashamba makubwa ya mpunga. Wanasayansi wao wanaikumbuka kwa jambo jingine kabisa: mwaka 1993 watoto wa Idete wa kati ya mwaka 1 na miaka 5, zaidi ya 500, waliingia kwenye majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Matokeo yakachapishwa mwaka 1994 kwenye jarida la Lancet la Uingereza, dunia nzima ikasoma. Baadaye chanjo ilipojaribiwa sehemu nyingine haikufua dafu. Wale watoto leo ni watu wazima wa miaka thelathini na kitu, na kwenye lile jarida hakuna jina la hata mmoja wao. Kisheria ni sawa, siri za wagonjwa zinalindwa. Ila hilo la bonde hili kufanya kazi ya dunia nzima bila majina halikuanza mwaka 1993. Miaka 100 nyuma lilishatokea, na safari ile haikuwa kwa nia njema.

Kwanza tuujue mmea wenyewe, maana hapa watu wanachanganya.

Kuna kamba mbili, ndugu wa ukoo mmoja. Ya kwanza wataalamu wanaiita Landolphia kirkii, na hii ndiyo mpira wenyewe. Jina la kirkii limetokana na John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar miaka mingi ya karne ya 19 na ambaye alikuwa anapenda mimea kuliko kawaida. Matunda yake ni madogo, yanalika. Ya pili ni Saba comorensis, na hii ndiyo mbungo unaotupa mabungo. Lile tunda la njano ya machungwa lenye ganda gumu, ukilipasua unakuta mbegu kibao zimevikwa nyama laini ya uchachu mtamu. Waliokunywa juisi yake Zanzibar, Pemba, Tanga au Dar wanajua. Ukimuuliza mtu ina ladha gani atakwambia embe, mwenzake atasema chungwa, wa tatu atasema nanasi, na wote watatu wako sahihi. Maua yake meupe yananukia kama asmini. Linapanda miti mirefu ya kando ya mito mpaka juu kabisa linakopata jua.

Kamba zote mbili zina maziwa. Tofauti iko kwenye ubora, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani akatwe na nani aachwe.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alisajili tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli. Ndani ya miaka michache Ulaya na Marekani wakapagawa na baiskeli, kisha magari yakaingia. Kila tairi linataka mpira, na wakati huo karibu mpira wote duniani ulikuwa wa porini. Brazili walikuwa na miti yao. Afrika ilikuwa na kamba.

Kongo wote mnaijua stori yake, au mnapaswa kuijua. Chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908, watu walipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta, na asiyefikisha alichapwa viboko, mkewe akashikwa mateka, wengine wakakatwa mikono. Ni kamba za jamii hii hii ya Landolphia. Watu wengi wanaijua Kongo kwa sababu kuna picha. Kilombero hakuna picha za namna ile, na kusema kweli mambo hayakufika kiwango kile. Lakini kusema haikufika kiwango cha Kongo sio kusema ilikuwa raha.

Biashara ya mpira wa porini kwenye bonde hili ilidumu kama kuanzia 1890 hadi 1914. Mwanzoni ilikuwa biashara kweli. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshazoea kuja bara kutafuta pembe za ndovu. Ndovu walipoanza kupungua na mpira ukapanda bei, wakabadilisha gia. Walileta nguo, chumvi, shanga, baruti. Wenyeji wa bondeni, yaani Wandamba waliokuwa wanaishi na mitumbwi kwenye maji, Wambunga wa upande wa Ifakara, Wapogoro, Wabena wa bondeni, walikuwa na kitu wanachojua kuliko mgeni yeyote: wapi kamba iko, imepanda mti gani, na njia gani inafika huko mvua zikijaza bonde.

Fikiria kazi yenyewe. Unaingia msituni kandokando ya mto, mbu ndio wenyeji wako. Unakwangua ganda kidogo kidogo, maziwa yanachuruzika. Wengine waliyagandisha kwa chumvi au maji ya tunda chachu, wengine waliyapaka kwenye mkono, yakikauka wanayavua na kuyaviringisha. Donge linakua taratibu. Kamba moja haitoi kingi, kwa hiyo unatembea, unatafuta nyingine. Madonge yakitosha yanafungwa mzigo na mtu anabebeshwa kichwani kuelekea pwani, mamia ya kilomita. Hakukuwa na reli wala lori.

Na wajanja walikuwepo, bonge la wajanja. Mpira ulinunuliwa kwa uzito, basi donge likikatwa katikati unaweza kukuta mchanga, jiwe au ganda la mti. Kuna waliochanganya maziwa ya mbungo, kwa kuwa maziwa ya mbungo ni dhaifu, hayatoi mpira wa maana, lakini yanaongeza ujazo. Wabongo na kuchakachua, kumbe ni ya kale! Ila kabla ya kuwacheka, jiulize mizani ilikuwa ya nani. Anayeuza hana mizani, anayenunua ndiye anayesoma. Huyu anaweka jiwe, yule anaweka kidole. Ngoma droo.

Mambo yakabadilika Wajerumani walipoanza kodi. Kuanzia 1898 kila nyumba kijijini ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Rupia utaipata wapi kwenye kijiji kinachoishi kwa mpunga, samaki na kubadilishana vitu? Mpira ukawa jibu. Kitu ambacho jana mtu alikiuza akitaka nguo mpya, leo anakitafuta ili asishikwe. Huo ndio mstari kati ya biashara na ukoloni, na kwenye bonde hili watu wengi waliuvuka bila kuhama nyumba. Kamba nazo zikaumia. Mtu asiye na haraka anakwangua na kuiacha ipone. Anayedaiwa kodi anaikata shina zima.

Mbungo ulipona. Na hili ni jambo la kufikirisha kidogo: pengine mabungo tunayokunywa leo yapo kwa sababu mmea wake ulikuwa hauna thamani sokoni. Ndugu yake aliyekuwa na maziwa mazuri ndiye aliyeandamwa. Mbungo ulibaki na kazi yake ya siku zote, kulisha nyani na watoto.

Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete, Vita vya Maji Maji vikaanza. Agosti 30 mwaka huo huo wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, juu ya mlima unaotazama bonde la Kilombero. Walikuwa wameambiwa dawa ya maji itageuza risasi. Mbele yao kulikuwa na bunduki za rasharasha. Wambunga nao waliingia vitani, boma ikazingirwa kwa wiki kadhaa mpaka kikosi kutoka Iringa kilipokuja kuikomboa. Sio kila mtu alikuwa upande mmoja. Wapo watawala wa bondeni waliosimama na Wajerumani, na uchungu wa jambo hilo ulikaa kwenye koo kwa muda mrefu.

Kilichokuja baada ya risasi ndicho kiliua zaidi. Wajerumani walichoma ghala na mashamba, makusudi kabisa, ili njaa imalize kazi. Serikali yao ilikiri vifo kama 75,000. Wanahistoria wa Tanzania waliofanya utafiti baadaye wanasema ni kati ya 250,000 na 300,000. Watu walirudi porini, safari hii bila kutafuta mpira. Walitafuta chakula: viazi pori, majani, furu nyeusi, mabungo. Msitu ule ule uliokuwa unalipa kodi ya Mjerumani ukawa ndio ghala pekee ambalo hakuna askari aliyeweza kulichoma lote.

Hakuna orodha ya majina ya waliobeba yale madonge, wala ya akina mama waliojua tunda lipi lina sumu na lipi halina, wakaokoa nyumba nzima kwa ujuzi huo. Maofisa wa Kijerumani waliandika vitabu na ripoti, majina yao yapo. Mmea umepewa jina la Kirk, ambaye kuna watu walimwonyesha ile kamba. Hao nao wameishia kuwa "wenyeji".

Biashara yenyewe ilikufa kwa pigo lililotoka mbali. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amechukua mbegu za mpira Brazili na kuzipeleka London, na kutoka hapo miche ikafika Asia. Miti ile ikakua, mashamba ya Malaya na jirani zake yakaanza kumwaga mpira sokoni. Hapa kwetu Wajerumani nao walikuwa wamepanda mpira wa mashambani wa aina nyingine kutoka Brazili, hasa upande wa Tanga na Usambara, wakaona utajiri umefika. Mwaka 1913 bei ikaporomoka na ndoto ikaisha. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vikaanza na wanaume wakakamatwa kwenda kubeba mizigo ya majeshi.

Kuna kipande kifupi cha pili. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya, Waingereza wakajikuta hawana mpira wa matairi ya vita. Wakakumbuka Tanganyika. Mashamba ya zamani yakafunguliwa tena, na watu wakapelekwa kufanya kazi kwa lazima. Vita ilipoisha ikasahaulika tena.

Bonde likaendelea na maisha mengine. Kiwanda cha sukari kikaja miaka ya 1960. Reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita humo humo bondeni, na watu wakafuata stesheni. Udzungwa ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Mwaka 2002 bonde likaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, jambo ambalo halikuzuia miti ya kando ya mito kuendelea kukatwa kwa ajili ya mpunga, mkaa na malisho. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo. Mwaka 2018 daraja la mto Kilombero likazinduliwa, na waliowahi kuvuka kwa kivuko wanajua maana yake.

Halafu Magombera. Huu ni msitu mdogo kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere, ambako mwaka 2009 alitangazwa kinyonga mpya kwa sayansi. Alipatikanaje? Nyoka alikuwa amemmeza, alipostushwa na mtafiti akamtema. Yaani kinyonga ameingia kwenye historia akitokea tumboni kwa nyoka. Mwaka 2019 Magombera ikapandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Kwenye kurudisha misitu ya eneo hilo kuna ishu inayogusa mabungo moja kwa moja. Msitu ulioharibiwa ukiachwa wenyewe, kamba zinauwahi. Zinafunika miche, zinaipinda, miti haikui. Kwa hiyo wanaofufua msitu wanakata kamba ili miti ipumue, na wanayo hoja, imepimwa na kuonekana. Lakini kukata kamba zote bila kuchagua ni kukata chakula. Kule Gombe, Kigoma, ambako sokwe wamekuwa wakifuatiliwa tangu 1960, mabungo ni moja ya vyakula vyao vikubwa. Nyani na tumbili wanayapenda, wanameza mbegu au wanazitema mbali na pale walipochuma, na huo ndio upandaji wenyewe. Mti mkubwa uliokomaa unaweza kubeba mbungo, mche wa miaka miwili hauwezi. Busara ni kujua kamba ipi iko juu ya mti upi, na kwenye hilo mzee wa Idete aliyekulia kando ya mto ana neno la kumwambia mwenye shahada.

Sasa kwa wanaotaka kupanda, maana huwa mnauliza. Chukua bungo lililoiva, safisha mbegu, panda zikiwa mbichi. Usizikaushe juani ukazihifadhi kwenye kopo kama mbegu za mahindi, hazitakuvumilia. Miche iwekwe kivulini, inywe maji. Baadaye utaihamishia chini ya mti mkubwa ulio imara, karibu na maji, na hapo ujipange kusubiri miaka, sio miezi. Anayetaka hela ya haraka apande matikiti.

Na usiupande ukingoni mwa shamba la mpunga. Ukifanya hivyo umewaita nyani kwenye harusi. Kwa vijiji vilivyo jirani na ushoroba wa tembo, ule wa kuunganisha Udzungwa na Nyerere ambao miaka ya karibuni umefanyiwa kazi mpaka tembo wakatengenezewa njia ya kupita chini ya barabara, tunda linalonukia karibu na nyumba ni hatari kabisa. Mkulima anayelala shambani akipiga debe usiku kucha hahitaji kuongezewa wageni.

Mahali pake ni kando ya mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto zisifanyiwe shughuli za kudumu za kibinadamu. Mashambani mita hizo zinajulikana kama ugomvi tu: mtu anaambiwa aache ardhi yenye rutuba kuliko zote na asipate chochote. Hapo ndipo mbungo, furu, mkuyu na wenzao wanapoleta maana, kwa sababu kuvuna tunda hakuhitaji kulima wala kukata mti. Anayekatazwa kulima anaweza kuchuma. Nyani naye ana chakula mbali na mahindi, na kingo haziporomoki.

Wa mjini wanaodhani hayawahusu waangalie bili ya umeme. Mto Kilombero ndio unaochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na Rufiji ndiyo inayojaza Bwawa la Julius Nyerere. Tope linalotoka kwenye kingo zisizo na miti linashuka na maji hayo hayo.

Kariakoo msimu ukifika mabungo yanapangwa chini kwenye viroba, mama anayeuza anakupasulia moja uonje. Ukimuuliza yametoka wapi anakwambia shamba. Hakuna shamba. Kuna mtu asubuhi aliingia kando ya mto, akapanda mti, akachuma, akashuka na maziwa meupe yameganda kwenye vidole vyake.